Ufunguo wa Kughushi katika Chuo cha Kur'ani

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu watukufu khabari iliyotupata sisi wenyewe hapa Elerai, Arusha. Si khabari ya fakhari. Mtu akiandika gazetini hupenda kuandika la kumpamba, na hili halitupambi hata kidogo. Walakini tumeona kwamba nyumba nyingi za Waislamu zina kompyuta siku hizi, na vijana wetu wengi wapata riziki yao kwa kupiga chapa na kutoa nakala katika maduka ya steshenari, na jambo lililotufika sisi limo humo humo katika kompyuta zao, limelala tu.

Sisi ni mwalimu wa chuo. Elimu yetu ya shule iliishia darasa la saba. Iliyobaki tuliipata mkekani mbele ya masheikh wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa miaka mingi mambo yote ya chuo tulikuwa tukiyaandika katika daftari kubwa la kaunta kwa khati yetu: majina ya watoto na ya wazee wao, ada, sadaka za mayatima, na akiba ndogo ndogo ambazo wajane walituwekea amana, shilingi elfu tano leo na elfu kumi mwezi ujao, ili ikifika Januari wawanunulie watoto sare na madaftari. Mwaka 2019 ndugu mmoja mwenye kheri akatuletea kompyuta iliyokwisha tumika, na printa yake. Tulifurahi mno. Vijana wakatwambia kwamba daftari limepitwa na wakati, nasi tukakubali upesi, maana mtu mzima huona haya kuonekana nyuma.

Akaja kijana wetu mmoja, fundi, tuliyemsomesha tangu alifu. Akaiwasha ile mashine, akaitazama, akasema: "Ustadhi, Windows hii ni ya kiwandani, ina kibandiko chake. Lakini programu ya kuandikia haimo. Nikuwekee Microsoft Office ya kulipia, au nikuwekee hii ya kwetu?"

Tukamwuliza ya kulipia ni kiasi gani. Alipotutajia tukacheka. Tukamwambia, "Weka hiyo ya kwenu." Akaiweka, tukampa shilingi elfu kumi, tukamwombea dua.

Twalieleza hili kwa ukamilifu ili msomaji asidhani kwamba tulidanganywa. Kijana aliuliza na sisi ndio tuliojibu. Na wiki ile ile, kwa programu ile ile, tulipiga chapa mtihani wa darasa la pili uliokuwa na swali juu ya Suratul-Mutaffifin: eleza adhabu ya wapunjao watu katika vipimo. Karatasi ile tunayo hata leo.

Hiyo "ya kwetu" ni kitu gani? Tumeuliza sana baadaye kwa wenye ujuzi, nasi twalieleza kama tulivyolifahamu. Kampuni ya Microsoft inapouza programu zake kwa ofisi kubwa au chuo kikuu chenye kompyuta nyingi, haitaki kila mashine ipige hodi kwake Marekani kuomba idhini. Hivyo huiruhusu ofisi ile kuweka mashine moja yao wenyewe iwe kama karani wa idhini. Kompyuta nyingine zote huja kwake. Naye hukubali kutoa idhini ya Office zikishafika kompyuta tano. Kila moja hupewa idhini ya siku 180, na inatakiwa irudi kwa karani kabla ya muda huo kwisha. Huo ndio utaratibu wa halali, na umelipiwa.

Basi wajanja wakatengeneza programu ndogo ambayo mafundi wetu huiita aktiveta. Kazi yake ni kukaa ndani ya kompyuta yako na kujifanya ndiyo yule karani. Office inauliza, "Je, nina idhini?" Karani wa kughushi anajibu, "Unayo." Na kwa kuwa siku 180 zitakwisha, karani huyu hana budi kubaki macho ndani ya mashine yako daima, akiigonga mihuri yake ya uwongo tena na tena. Umemkaribisha mtu usiyemjua alale ndani, umempa na ufunguo wa kila chumba, kwani kompyuta haimruhusu kufanya kazi hiyo illa umpe mamlaka ya mwenye nyumba.

Kuna sharti jingine, nalo ndilo lingetuzindua kama tungekuwa na akili. Antivirasi, yaani ile programu inayolinda kompyuta, ikimwona karani huyu hupiga kelele. Kwa hiyo maelezo ya aktiveta karibu zote huanza hivi: kwanza zima antivirasi. Mgeni gani huyu anayekwambia, kabla sijaingia mfunge mbwa wako?

Miaka miwili ikapita salama, nasi tukasahau. Ikafika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1442, yaani Mei 2021. Masika yalikuwa yamekaza, Mlima Meru hatukuuona kwa siku nyingi, na umeme ulikuwa ukikatika na kurudi. Alasiri moja tunaandika orodha ya mayatima watakaopewa nguo za Idi, mara ukatokea mstari mwekundu juu ya karatasi ukisema kwamba programu hii haina idhini. Yule fundi wetu alikwisha hamia Dar es Salaam. Tukampigia simu, akasema, "Ustadhi, hilo dogo. Mwambie kijana yeyote hapo aitafute aktiveta mpya katika intaneti, zimejaa."

Tulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na sita, mwepesi wa mambo hayo. Akatafuta, akapata, akaishusha. Antivirasi ikatoa onyo. Mtoto akageuka kututazama. Hatutasahau namna alivyotutazama. Sisi tulikuwa na haraka, futari i karibu na orodha haijaisha, tukamwambia, "Zima."

Akazima. Kikatokea kidirisha kikisema kwamba Windows inajirekebisha, tusubiri. Tukaona ni jambo la kheri. Tukaenda kufuturu, tukasali Magharibi na Isha na Tarawehe, na mashine inaendelea na kazi yake. Lile dirisha lilikuwa la uwongo. Lilikuwa pazia tu la kutuzuia tusizime umeme.

Tuliporudi kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi nne tusizozifahamu, wala hakuna lililofunguka. Daftari la ada, hesabu ya sadaka, majina ya watoto, mitihani ya miaka miwili, hata picha za maziko ya sheikh wetu. Na katika kila folda mliwekwa barua moja ya Kiingereza. Mwalimu wa sekondari mmoja, jirani yetu, akatusomea: mafaili yenu yamefungwa, ufunguo ni dola 980, mkituandikia ndani ya saa 72 mtapunguziwa nusu, mlipe dola 490. Hiyo nusu peke yake ilizidi shilingi milioni moja. Na flashi tuliyokuwa tukihifadhia nakala ilikuwa imechomekwa wakati ule ule, nayo ikafungwa pamoja na nyingine zote.

Jirani yetu alitwambia kwamba ugonjwa huu una jina, waitwa Djvu au STOP, na kwamba umekuwa ukienezwa khasa kwa njia hii hii ya aktiveta na programu zilizovunjwa. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure iliyoweza kufungua aina 148 za ugonjwa huo. Tukaijaribu usiku mzima. Lakini waovu nao hawakulala. Wakati dawa inatoka walikwisha badili namna ya kufunga, wakawa wanauweka ufunguo wa kila mtu mbali, kwenye mashine zao wenyewe. Aina yetu ilikuwa ya hizo mpya. Hatukulipa, kwanza kwa sababu hatukuwa nazo, na pili, kumlipa mwizi fedha za mayatima ili atuuzie majina ya mayatima hao hao, hilo tuliliona halisemeki mbele ya Mwenyezi Mungu.

Tukadhani msiba umekwisha hapo. Kumbe jamaa hawa, kabla ya kufunga nyumba, hupekua makabati kwanza. Ugonjwa huu mara nyingi hufuatana na mwingine unaochukua maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa katika kompyuta. Wiki chache baada ya Idi, ndugu yetu mmoja anayekaa Maskati, mwenyeji wa Kondoa, akatupigia simu kuuliza kama fedha zimefika. Fedha zipi? Akasema alipata barua pepe kutoka kwetu, kwa anwani yetu wenyewe, kwa Kiingereza, ikisema kwamba paa la chuo limeezuliwa na upepo na kwamba tumebadili akaunti. Sisi Kiingereza hatukijui. Yeye akadhani tumemwandikisha mwanafunzi. Alipeleka riali 60 za Oman kwa akaunti ya mtu tusiyemjua mpaka leo. Paa letu lilikuwa salama.

Hapo tukataka kwenda polisi. Tulivaa kanzu, tukafika mpaka kituo cha daladala, tukasimama. Maana polisi wangeuliza swali la kwanza: ugonjwa umeingiaje? Nasi tungejibu nini? Mtu aliyeibiwa ng'ombe wa halali hulia barabarani mpaka mji mzima usikie. Aliyeibiwa ng'ombe wa wizi hunyamaza. Tukarudi nyumbani na kanzu zetu. Wazee wa kamati wakatuuliza mbona tumerudi mapema. Tukasema gari hazikupatikana, na hilo nalo lilikuwa uwongo.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba khofu yetu haikuwa ya bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, ile ile iliyounda COSOTA, inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine: ni kazi ya mtu, ina mwenyewe. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 24 kinamshika atumiaye kompyuta kwa kusudi la kuvunja haki hizo. Asiyefanya kwa biashara, faini yake haipungui shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Afanyaye kwa biashara, faini haipungui milioni ishirini, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili, na tena aweza kuamriwa kumlipa fidia mwenye haki. Vijana wenye steshenari waisome mara mbili sentensi hiyo ya biashara. Mtu anapiga chapa barua kwa shilingi mia tano ukurasa, na chini ya kiti chake pana milioni ishirini.

Na siku zile haikuwapo bado Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Leo ipo, nayo inamdai kila anayeandika khabari za watu azilinde. Sisi tulikuwa tumeandika nani ni yatima, nani baba yake yu jela, nani halipi ada kwa sababu mama yake anaumwa, pamoja na namba za simu. Nani anayo orodha ile sasa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Tulipowaeleza vijana wa chuo, wengine walikuwa na majibu tayari. Mmoja akasema: "Ustadhi, kampuni ile ni ya matajiri wa Marekani, tena si Waislamu. Tumewapunguzia nini?" Hoja hii tumeisikia mara nyingi, khasa kwa vijana wenye dini, na ndiyo maana twaisimamia kidogo.

Hapana asiyejua, katika waliosoma sira, usiku wa Hijra ulivyokuwa. Makureshi walikuwa wamekusudia kumuua Mtume (S.A.W.), na wakati huo huo mali zao nyingine zilikuwa nyumbani kwake, wamemwekea amana, kwa kuwa hawakumwona mwaminifu kuliko yeye. Yeye akatoka kwenda Madina, akamwacha Sayyidna Ali nyuma, mahali pa khatari, ili azirudishe amana zile kwa wenyewe. Watu wale walikuwa washirikina, matajiri, tena wauaji. Ikiwa mali ya aliyeshika upanga mlangoni ilirudishwa, mali ya mtu wa Marekani ambaye hata hatujui tutaihalalisha kwa hoja gani?

Mwingine, huyu alikuwa amesoma zaidi, akasema kwamba wanavyuoni wa kale hawakuijua mali isiyoshikika: kitabu ni karatasi na wino, ukinunua karatasi umeimiliki. Ni kweli kwamba palikuwa na khitilafu. Lakini jambo hili lilikwisha jadiliwa na wakubwa zetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait Desemba 1988, mwezi wa Jumadal-Ula 1409, na katika azimio lake la 43 likakata shauri kwamba jina la biashara, haki ya mtunzi na haki ya mvumbuzi ni haki za wenyewe kisheria, zina thamani ya mali, wala haijuzu kuzishambulia. Azimio hilo lilikuwapo miaka thelathini na moja kabla hatujasema "weka hiyo ya kwenu". Sisi mwalimu wa chuo hatukuwa tumelisikia, kwa kuwa hatukuuliza. Kuhusu choo cha chuo kuelekea kibla au kutoelekea tuliuliza masheikh watatu.

Akabaki wa dharura. "Ustadhi, sisi maskini, na dharura huhalalisha kilichokatazwa." Kanuni hiyo ni sahihi, lakini dharura ina mipaka yake: mtu ameruhusiwa nyamafu pale ambapo chakula kingine hapana. Je, hapakuwa na chakula kingine? Kilikuwapo, tena cha bure, tena kwa Kiswahili! Hili ndilo lililotuuma kuliko yote.

Kuna programu iitwayo LibreOffice, inayoendeshwa na taasisi yenye makao yake Berlin, Ujerumani. Inaandika barua, inafanya hesabu za safu kama daftari la ada, inaandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na wenyewe wanasema waziwazi: chukua, tumia, mpe mwenzako, huna deni. Ilitokana mwaka 2010 na nyingine iliyoitwa OpenOffice. Na hiyo OpenOffice ilikwisha tiwa Kiswahili na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wao wa Kilinux. Mwaka 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo miaka kumi na tano kabla ya kompyuta yetu kufika Elerai, watu wa nchi hii hii walikwisha kaa, wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kila kitufe, wakaiweka mezani bure. Sisi tuliipita meza hiyo tukaenda kuruka ukuta.

Wakati tunaeleza haya, mzee mmoja wa kamati alitoa mfano tulioupenda. Alisema programu kama hiyo yafanana na msahafu ulioandikwa "wakfu" katika jalada: kila mtu asoma, hapana wa kuumiliki peke yake. Hatusemi kwamba ni wakfu wa kisheria, maana wakfu una masharti yake, lakini kwa mtu wa chuo mfano huo waeleweka upesi kuliko maelezo ya mafundi.

Hatutaki kuipamba kuliko ilivyo. Kompyuta ilifutwa yote, ikaanzishwa upya, na programu mpya ikatusumbua karibu mwezi mzima. Vitufe haviko pale vidole vilipozoea. Barua tunazoletewa zikiwa zimeandikwa kwa Microsoft hufunguka, lakini mara nyingine majedwali yake hupinda na mistari husogea, ikabidi kuinyoosha kwa mkono. Mwanafunzi wetu mmoja alinung'unika sana, akasema kazini hawataki hii. Tukamjibu kwamba kazini watampa ya kwao iliyolipiwa. Na kama asiwe mwenye subira, Microsoft wenyewe wanayo Office nyepesi ya kutumia bure katika intaneti kwa mwenye kufungua akaunti, mradi bando lipo.

Na asifikiri mtu kwamba yaliyotupata ni ya zamani na yamekwisha. Desemba 2025 polisi wa Korea Kusini walitangaza khabari ya mtu mmoja wa Lithuania, aliyekamatwa Georgia na kupelekwa kwao, wanayemtuhumu kwamba alieneza programu ya wizi kwa kuivisha jina la aktiveta mashuhuri, KMSAuto. Wasema ilishushwa katika kompyuta zipatazo milioni 2.8 duniani. Hiyo ya kwake haikufunga chochote wala haikuacha barua. Ilikuwa ikikaa kimya, na mtu akitaka kupeleka fedha za kidijitali kwa mwenziwe, anwani ya mpelekewa inabadilishwa kimyakimya ikawa ya mwizi. Ndani ya milioni zile mna watu wangapi waliosema, kama sisi, hilo dogo?

Sasa tuirudie nyumba yetu. Fedha zenyewe zilikuwa salama, zilikuwa katika kisanduku. Kilichopotea ni kujua ipi ya nani. Tulitangaza baada ya sala ya Ijumaa, kwa ulimi wetu, sababu ya kupotea, bila kuficha neno "Zima" tulilolisema wala kile kisa cha kituo cha daladala. Uso ulikuwa mzito kuliko tulivyodhani. Kisha tukawa tunakaa kila Ijumaa alasiri juu ya mkeka na daftari jipya la kaunta, wenye amana wanakuja mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamekwisha hama, na namba zao zilikuwa ndani ya kompyuta. Tulizunguka Ngarenaro, Mbauda na Unga Limited tukiwauliza watu kwa majina ya watoto wao. Wanne hatujawapata mpaka tunaandika haya, na sehemu yao tumeitenga katika bahasha.

Alikuja bibi mmoja mjane, anayelea mjukuu. Tukamwambia, "Bibi, utuwie radhi, kile chombo tulichokuwa tukiandikia kimeibiwa maandishi yake. Unakumbuka umetupa kiasi gani?"

Akatutazama kwa muda. Akasema, "Ustadhi, mimi nilikupa wewe. Sikukipa chombo."

Kisha akaanza kuhesabu, si kwa tarehe, bali kwa mambo: mara ya kwanza ulikuwa umetoka mazikoni, mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha ukanipa mwavuli, mara ya tatu ulikuwa unamchapa mtoto wa jirani nikakwambia mwache. Zikafika shilingi laki moja na elfu themanini. Tuliandika kama alivyosema, bila kumtaka kiapo. Na wengine vivyo hivyo. Tulipojumlisha maneno ya watu wote, yalizidi fedha zilizomo kisandukuni kwa shilingi laki mbili na elfu kumi na tano. Labda mmoja alikosea, labda tulikosea sisi, hatukutafuta. Tuliuza beberu tuliyekuwa tumemweka kwa ajili ya akika ya mjukuu wetu, tukajaza.

Ndugu yetu wa Maskati tulimwambia kwamba riali 60 tutamlipa. Alikataa, akasema amekwisha nuia sadaka, na sadaka haina marejeo. Tukamwambia kwamba sadaka haikufika kwa aliyemkusudia, na iliyoizuia ni sisi. Tumebishana naye kwa miaka, kwa adabu. Kila Ramadhani tunanunua misahafu na juzuu-amma kwa fedha zetu kidogo kidogo, tunampelekea hesabu yake, naye hajibu hesabu, huuliza tu hali ya watoto.

Yule mtoto tuliyemwambia "Zima" sasa ni kijana mkubwa, ana kiduka chake cha steshenari karibu na stendi. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, maana alituonya kwa macho nasi tukamwamrisha. Kompyuta zake mbili zina LibreOffice, na wateja wakilalamika kwamba majedwali yamepinda huyanyoosha bila kuwadai nyongeza.

Na yule bibi bado huleta elfu tano zake. Huweka dole gumba katika daftari, hutaka asomewe jumla, hurudia kwa sauti ili ajisikie mwenyewe, kisha huitupia jicho kompyuta pale pembeni na kuuliza, "Na kile chombo chako, bado kinaandika?"

Tunamwambia kinaandika mitihani tu.